Ofisa kijana, rudi darasani

Maofisa vijana wenye digrii za uhandisi huniuliza: "Afande, nikienda kusoma tena, wenzangu hawatanipita vyeo?" Watakupita kwa muda. Nenda.

Nilitumikia upande wa rada na mawasiliano. Niliporudi kutoka masomoni, niliokula nao kiapo walishapewa vikosi, na iliniuma. Aliyenitia moyo ni jenerali wa Marekani, Bernard Schriever, baada ya kusoma habari zake.

Alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1910, akafika Marekani akiwa mtoto. Alisomea uhandisi, akawa rubani wa jeshi, akatoka na kurusha ndege za abiria, kisha akarudi jeshini 1938. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alimaliza shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Stanford ndipo akapelekwa vitani Pasifiki.

Mwaka 1954, akiwa brigedia jenerali, alikabidhiwa mradi wa makombora ya nyuklia ya kuvuka mabara. Ofisi ilikuwa jengo la shule ya zamani huko Inglewood, California, na maofisa wake walivaa kiraia wasivute macho. Badala ya kumaliza injini kwanza, ndipo waanze mitambo ya kuongoza kombora, kisha vituo vya kurushia, aliamuru vyote viende sambamba. Kiongozi asiyeielewa kazi mwenyewe, anayesubiri kusomewa ripoti, hawezi kuthubutu hivyo. Juni 1957 kombora lao la kwanza la Atlas liliharibika likiwa angani, ikabidi lilipuliwe. Hawakusimama, na mwaka 1959 Atlas ikaanza zamu ya ulinzi Vandenberg, kituo cha jeshi huko California. Atlas ndiyo iliyomfikisha mwanaanga John Glenn kwenye mzunguko wa dunia mwaka 1962. Schriever alipata nyota ya nne 1961.

Simtakii yeyote silaha za nyuklia. Namtakia kichwa kile. Shirika la Anga za Juu la Kenya liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa kutoka Vandenberg hiyohiyo Aprili 2023. Kazi hizi zinakuja kwetu.

Mimi niliiona faida kwenye kikao kimoja cha ununuzi. Muuzaji alidai mitambo yake haihitaji kiyoyozi. Nikafungua kurasa za mwisho za kitabu chake mwenyewe cha maelezo ya mitambo, nikamsomea kiwango cha juu cha joto kilichoandikwa pale. Nilikuwa wa cheo cha chini kuliko wote mezani, lakini kuanzia hapo maswali yote yaliletwa kwangu.

Basi chagua somo ambalo kikosi chako kinalihitaji, na kabla hujaondoka, pata kwa maandishi utakakopangiwa ukirudi. Omba upangiwe mahali vifaa vinapochaguliwa, hata kama hapana gari wala dereva.