Vanila kwenye waini ya Rioja inatoka kwenye pipa

Ukionja waini ya Rioja, ile ya eneo la Rioja kule Hispania, unaweza kusikia vanila ukajiuliza kama wameitia humo. Hapana, hakuna anayemwagia vanila humo, ile harufu inatoka kwenye mti wenyewe wa pipa. Mbao za mwaloni zina vanilini kiasili, yaani kemikali inayoleta harufu ya vanila, na fundi akilichoma pipa kwa ndani na moto inazidi kujitokeza, na ndo hapo unapata pia kale kaharufu ka moshi na kahawa. Rioja utaisikia zaidi kwa sababu kule Hispania wametumia sana mwaloni wa Marekani ambao unanukia nazi kabisa, ule wa Ufaransa unaegemea kwenye viungo, karafuu hivi. Halafu pipa linapitisha hewa kidogokidogo sana, hii watu wanaisahau na kwangu mimi ndo kazi kubwa ya pipa kuliko hata harufu, maana hiyo oksijeni ndo inalainisha ukakasi wa tanini (kile kinachokausha mdomo, kama chai kali) waini ikatulia mdomoni. Soma lebo, Crianza na Gran Reserva ni madaraja ya Rioja kulingana na muda iliotunzwa, Crianza nyekundu lazima ikae pipani angalau mwaka 1, Gran Reserva miaka 2, na ni mapipa ya lita 225. Ila umri wa pipa nao muhimu, likishatumika misimu mitatu minne halitoi tena harufu ya maana, kwa hiyo waini inaweza kukaa humo muda mrefu na vanila usiisikie. Na waini nyingi za bei chee wanatumbukiza tu vipande vya mwaloni kwenye tangi la chuma, harufu utaipata lakini ule ulaini mara nyingi hapana.