Unaanza kuandika habari? Kila sentensi jiulize umejuaje

Wadogo zangu mlioingia kwenye hii kazi juzi juzi, najua mmeshafundishwa nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na ile piramidi iliyopinduliwa mnaijua, zito linakaa juu na madogo madogo yanashuka chini ili mhariri akikosa nafasi akate mkia na stori isife. Hayo mtayazoea ndani ya miezi michache, sitakaa hapo. Mi nataka kuwaachia swali moja ambalo mhariri wangu wa kwanza aliniuliza mpaka nikawa naliota, anaweka ncha ya kalamu kwenye sentensi yangu halafu anasema tu "umejuaje?"

Stori yangu ya kwanza ilikuwa ajali. Niliandika "Dereva alikuwa kwenye mwendo kasi na watu watano walifariki papo hapo." Kalamu ikatua kwenye mwendo kasi. Umejuaje? Nikasema watu pale walikuwa wanasema. Watu gani, waliiona ajali au walikuja baada ya kishindo? Kimya. Na papo hapo je, nani kakwambia walifia pale na siyo njiani kupelekwa hospitali? Kimya tena. Ikabidi nirudi kwenye simu, na yule niliyekuwa namtegemea zaidi ndo akaniambia yeye alikuwa ndani kwake amelala, alitoka aliposikia mlio. Aisee niliishiwa nguvu, maana dereva naye alikuwa kati ya wale watano na nilikuwa naenda kuwaambia watoto wake kwamba baba yao ndo kaua watu, kwa maneno ya mtu aliyekuwa usingizini.

Tangu hapo nina kautaratibu kangu. Nikimaliza kuandika nasoma upya na pembeni ya kila sentensi naweka herufi, M kama nimeona kwa macho yangu, S kama nimesikia kwa mtu na mtu huyo namjua, K kama ninayo karatasi mkononi, hukumu, ripoti, risiti, chochote. Sentensi ikikosa herufi ama napiga simu ama naifuta, hata kama ndo tamu kuliko zote, na mara nyingi kweli ndo tamu kuliko zote.

Sasa Kiswahili chetu kina kichaka kizuri sana cha kujifichia, kinaitwa "inasemekana". Inasemekana na nani? Inadaiwa, imeelezwa, imefahamika, zote hizo zinamficha msemaji na msomaji hawezi kupima uzito wa alichoambiwa. Mtaje, na sema yeye kajuaje. "Jirani aliyesema aliona kupitia dirishani" ni tofauti kabisa na "jirani aliyesimuliwa asubuhi".

Vivyo hivyo vitenzi vya kunukuu. Mkishazoea mtaanza kupamba, mara alibainisha, mara alifichua, mara alikiri. Ukiandika waziri "amebainisha kuwa fedha zipo" umeshamsaidia kuthibitisha kwamba zipo kweli, wakati wewe hujaona hata senti. Ukiandika "amedai" umemtilia shaka. "Amekiri" inamaanisha kulikuwa na kosa. Andika amesema. Kama ni mshukiwa muite mshukiwa, akifikishwa mahakamani ni mshtakiwa, na mwizi siyo mwizi mpaka hukumu itoke.

Hili la mshukiwa naomba mlisikie vizuri. Mwaka 1996 bomu lililipuka kwenye bustani Atlanta, Marekani, wakati wa michezo ya Olimpiki. Mlinzi mmoja, Richard Jewell, ndo aliyeshtukia begi lenye bomu na kusaidia kuondoa watu. Siku tatu baadaye vyombo vya habari vikatangaza kwamba wapelelezi wanamshuku yeye. Na kweli walikuwa wanamshuku, hapo ndo pagumu, habari haikuwa ya kutunga, ila ilipewa uzito kana kwamba kesi imeisha, na kamera zikapiga kambi nje ya anakoishi na mama yake. Oktoba mwaka huohuo waendesha mashtaka wakasema siyo mlengwa wa uchunguzi. Mtu mwingine kabisa, Eric Rudolph, alikuja kukiri kosa mahakamani mwaka 2005. Waandishi wangekaa kidogo na swali la umejuaje wangeona walichokuwa wanakijua ni kimoja tu, kwamba polisi wana wasiwasi naye.

Kubalansi stori, yaani kumpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu, nako kuna ujanja mbaya. Kumtumia mtu meseji saa nne usiku wakati ukurasa unafungwa saa nne na nusu halafu unaandika "hakupatikana", hapo hujamtafuta. Mpigie mapema, msomee tuhuma zote moja moja, mpe muda, na akijibu weka jibu lake juu karibu na tuhuma, usilizike aya ya mwisho.

Chanzo kinachoomba jina lisitajwe, mkubaliane kabla hajaongea, na mhariri wako amjue ni nani. Mwaka 1981 gazeti la Marekani, Washington Post, lilirudisha Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule, baada ya kugundulika kuwa mtoto wa miaka 8 kwenye stori ya mwandishi wao Janet Cooke hakuwepo duniani, na wahariri hawakuwa wamesisitiza kujua ni nani. Na bahasha ya pesa kutoka kwa unayemwandika usipokee, hata ile ya "nauli tu".

Na utakosea, mi bado nakosea. Stori ya mtandaoni usiibadilishe kimyakimya ukadhani hakuna aliyeona, kuna mtu ana skrinshoti. Andika juu kabisa, tuliandika hivi, sahihi ni hivi, tumerekebisha tarehe fulani, halafu mpigie uliyemkosea kabla hajakupigia yeye.