Mpini wa mti au wa faiba? Angalia kazi kwanza

Mashoka na majembe ya mipini ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, yamejaa madukani, na wengi wanayanunua kwa sababu moja: hayaliwi na mchwa. Ni kweli. Faiba haiozi wala hainywi maji, na beleshi lililosahauliwa uani masika nzima utalikuta na mpini mzima. Kwa beleshi na reki, nunua faiba usisumbuke. Kwa shoka, tezo (kifaa cha kuchongea mbao) na jembe la kulimia maweni, mti bado hauna mpinzani, kwa sababu ukivunjika unachonga mwingine.

Mpini wa faiba umegandishwa kwenye tundu la chuma kwa gundi ya epoksi. Ukilikosa gogo, shoka likapita na shingo ya mpini ikajigonga kwenye ukingo, nyuzi hupasuka na hapaungiki tena. Kilichobaki tunduni hutoka kwa keekee tu. Jua nalo hula ngozi ya juu mpaka nyuzi za kioo zikachomoza, na kiganja kikawasha mchana kutwa. Mpini uliopauka usiusugue mkavu. Tumia msasa wa maji, funika pua na mdomo, kisha upake vanishi.

Tezo ndiyo isiyoweza kabisa kupewa mpini wa kiwandani. Mafundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja, hupima urefu na pembe ya tezo kwa mkono wa anayeishika, na pembe ikikosewa kidogo tu, bapa huchimba badala ya kuparura.

Kwa mti, chagua mpera au mkwaju: ni migumu na nyuzi zake hazikatiki upesi. Mkarafuu uache, kila mchumaji anajua tawi lake linavyokatika ghafla. Mvinje ni mgumu lakini hupasuka ukikauka. Gogo lipasue kwa kabari, si kwa msumeno, ili mpasuko ufuate nyuzi zenyewe. Kisha utazame ubavu wa mpini: uzi ukitokea pembeni kabla haujatembea sentimita 30, hapo ndipo utakapokatika. Ncha zote mbili zipake rangi au nta, uuweke kivulini penye upepo miezi 3 hadi 6. Bila rangi, ncha hukauka kabla ya katikati na kupasuka.

Kosa linaloharibu mipini mingi ni kuloweka shoka lililolegea ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi linakaza kweli. Lakini mti ukivimba ndani ya chuma hauna pa kwenda, nyuzi zake zinajiponda zenyewe. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana, na shoka linalegea zaidi. Jembe la bonde la mpunga hupata hayo hayo kila msimu. Ndiyo maana mpini hutiwa Januari au Februari, mti ukiwa mkavu, ili unyevu wa masika uukaze badala ya kiangazi kuulegeza.

Shoka litie hivi. Chonga kichwa cha mpini mpaka kiingie tunduni kwa kusukumwa, kisha kata ufa wa msumeno wenye kina cha theluthi mbili za tundu, ukifuata urefu wa tundu. Ning'iniza mpini wima, shoka likiwa chini, upige ncha ya juu kwa nyundo ya mti: chuma kitapanda chenyewe. Usikipige chuma. Acha milimita 5 zitokeze, gongea kabari ya mti mkavu ufani, kisha kabari ndogo ya chuma kwa mshazari. Jembe la tundu halitaki kabari. Mpini wake huingizwa kwa juu, na unene wa kichwa ndio unaolizuia lisichomoke kila unapolima. Kwa jembe la msuka, yaani lenye mkia wa chuma unaochomekwa mpinini, mpini ndio hutobolewa kwa chuma cha moto, tundu likiwa jembamba kuliko msuka.

Kwenye mpini wa mti, pale mkono unaposhika usipake vanishi, jasho huifanya iteleze na kuleta malengelenge. Mafuta ya nazi hayakauki, hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Paka mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, mara 3, ukiacha kila tabaka likauke. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje, usikikunje wala kukitupa kapuni: mafuta hayo hujipasha joto yakikauka, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe.