Krimu mchana, kijivu usiku: kosa ni la rangi au la balbu?

SWALI: Nyumba yetu ya Milimani, Kisumu, ilijengwa miaka ya 1970. Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta zina kimo cha mita 2.7. Nimepaka krimu ya silki, ile rangi yenye mng'ao. Mchana inapendeza, usiku inageuka kijivu, na tangu nifunge taa mbili za ukutani zinazomulika juu na chini, kila bonde la plasta linaonekana. Nipake rangi gani?

JIBU: Ndugu, usikimbilie duka la rangi. Soma kwanza maandishi ya balbu. Nadhani utakuta 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Mwanga huo una ubuluu mwingi, nao ndio unaofifisha njano iliyomo kwenye krimu. Funga za 2700K au 3000K, zenye mwanga wa unjano, na CRI 90 (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) ukizipata, kisha uitazame krimu ile ile usiku.

Balbu moja katikati ya dari haitoshi. Kwa mita 20 za mraba, lenga lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4,000 hivi, yaani balbu tano za LED za wati 9, zikitawanywa.

Mabonde ni kisa kingine. Taa iliyobanana na ukuta humulika kwa ubavu, kila kinundu kikatupa kivuli, na mng'ao wa silki ukazidisha. Ng'oa hizo taa, au weka zenye kifuniko cha kitambaa zinazomwaga mwanga chumbani. Fundi wa stima akague waya wa ardhi kabla ya kufunga taa yoyote ya chuma: nyaya za taa za nyumba za umri huo mara nyingi hazina.

Ukitaka kupaka upya, chagua mati, yaani rangi isiyong'aa. Silki ikwaruzwe kwa msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, vumbi lifutwe, la sivyo skimu, ile plasta laini ya kusawazisha mabonde, itabanduka kama ganda. Skimu iwe mikono miwili myembamba, ikauke kabisa. Mkono wa kwanza wa rangi uzimuliwe kwa maji kwa sababu skimu hunyonya, halafu mikono miwili kamili. Ukiondoa milango na madirisha unabaki na mita 42 za mraba hivi. Galoni tatu za lita 4 zinatosha, ndoo ya lita 20 ni hasara.

Fremu za madirisha zenye rangi ya mafuta ya zamani zisipigwe msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi. Lowesha kwanza, na watoto wakae mbali.