Maswali ya Wasomaji: Nigeuze kwenda C au nitoe lugha ya mashine?

SWALI: Wahariri, salaam. Natunga lugha ndogo ya programu yenye maneno ya Kiswahili (kama, wakati, rudisha) kwa ajili ya mizani ya ghala la mkonge. Sehemu ya kusoma msimbo na kujenga mti wa sintaksia (mchoro wa muundo wa programu) imekamilika. Programu zitaendeshwa kwenye laptopu za Windows na Linux, na kwenye Raspberry Pi iliyofungwa mizanini. Je, nigeuze msimbo uwe C halafu gcc (kompaila, yaani programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine) imalizie, au nitoe lugha ya mashine moja kwa moja?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Geuza kwenda C, ndugu yetu. Sababu ni hizo mashine ulizozitaja. Kwenye Linux ya x86-64 (aina ya prosesa za laptopu nyingi), namba sita za kwanza anazopewa fanksheni hukaa kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9. Windows, kwa prosesa ileile, hutumia rcx, rdx, r8 na r9 tu, na anayeita lazima atenge baiti 32 kwenye steki (sehemu ya kumbukumbu ya kazi za muda). Pi yenye mfumo wa biti 64 hutumia rejista x0 hadi x7. Hizo ni kazi tatu, na gcc imeshazimaliza zote. Hata C++ ilianza hivyo: Cfront, kompaila ya mwanzo ya mtunzi wake Bjarne Stroustrup, ilikuwa ikitoa C.

Ila C ina mitego. Mbaya zaidi ni kwamba haisemi hoja za fanksheni (thamani inazopewa) zihesabiwe kwa mpangilio upi. Mtu akiandika `tofauti(soma(), soma())`, kwanza toroli lenye marobota, kisha toroli tupu, kompaila ina ruhusa ya kuanza na soma ya pili, na uzito ukatoka hasi. Huenda kwenye laptopu yako jibu likawa sahihi, mizanini likageuka. Kwa hiyo usitoe C moja kwa moja kutoka kwenye mti. Vunja kila usemi uwe hatua fupi: `t1 = soma(); t2 = soma(); t3 = tofauti(t1, t2);`. Tabaka hili halifungamani na C, hivyo litakufaa hata siku ukibadili njia.

Kisha namba. Katika namba ya biti 32 yenye alama (chanya au hasi), 2,147,483,647 ukijumlisha 1, C haina jibu lililowekwa, na gcc kwenye -O2 (amri ya kuharakisha programu) yaweza kuufuta hata ukaguzi ulioandika baada ya kujumlisha. Ukihesabu kwa gramu, kikomo hicho ni kama tani 2,147, na jumla ya ghala hupita hapo. Tumia int64_t (namba ya biti 64), na uongeze -fwrapv, inayoifanya namba iliyopita kikomo izunguke hadi upande wa hasi.

Majina yote ya mtumiaji yape kiambishi, mathalani `m_`, yasigongane na maneno ya C. Kabla ya kila hatua andika `#line 12 "mizani.ksw"`, la sivyo gdb (programu ya kusaka makosa) itamwonyesha mstari wa faili la C asilolijua.

Lugha ya mashine inafaa pale msimbo unapotakiwa kuendeshwa papo hapo mtu akiuandika, bila gcc, au kisafisha kumbukumbu (kinachoondoa data isiyotumika tena) kinapotaka kujua kila rejista imebeba nini. C huficha hayo. LLVM, maktaba ya kutengenezea kompaila, iko katikati, lakini ni kubwa na hubadilika toleo hadi toleo.

Kwa Pi, jengea kwenye laptopu ya Linux: `aarch64-linux-gnu-gcc -O2 -fwrapv mizani.c -o mizani`. Ikigoma kuanza kwa kulalamikia toleo la GLIBC (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux), maktaba ya Pi ni ya zamani kuliko yako. Ongeza -static, inayoiweka maktaba ndani ya programu yenyewe, ujenge upya.