Re: Mama kwenye makazi ya wazee Pennsylvania, siku yake itakuwaje?

Dada, umeuliza kama mama atafungiwa chumbani kutwa. Hapana. Nafanya kazi kwenye makazi ya aina hiyo: asubuhi tunamsaidia mzee kuoga, kuvaa na kumeza dawa zake kwa wakati, kile anachoweza mwenyewe tunamwachia afanye. Milo mitatu huliwa pamoja ukumbini. Chakula kimepooza, sikufichi, daktari akiruhusu mpelekee pilipili! Mchana kuna mazoezi ya viungo wakiwa wamekaa kwenye viti, mchezo wa bingo, ibada. Kinachowachosha zaidi wazee wetu ni kukosa wa kupiga naye soga kwa Kiswahili, hivyo pigeni simu kila siku. Na pesa zipangeni mapema, maana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipii chumba wala chakula kwenye makazi haya.