Kwa nini harufu inakumbusha kuliko picha

Umeuliza kwa nini ukisikia harufu ya udi unarudi moja kwa moja sebuleni kwa bibi yako, ila picha yake ukiiangalia haikushtui hivyo. Ni njia tu zinatofautiana. Mwanga ukiingia jichoni unapiga retina kule nyuma, seli zinaugeuza kuwa umeme, unapita neva ya macho mpaka kituo kinaitwa thalamasi katikati ya ubongo, ndo unapelekwa upande wa kisogoni kuchambuliwa rangi na umbo na mwendo, yaani kama faili linazunguka ofisi kibao kabla halijasainiwa. Harufu haina huo mzunguko. Chembe za udi zinapanda juu kabisa ndani ya pua, zinanasa kwenye seli za neva, na taarifa inaingia kwenye balbu ya kunusa, ambayo imeungana na amigdala (sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama hofu na furaha) na sehemu za kumbukumbu bila kupitia thalamasi kwanza, ndo maana moyo unaweza kushtuka kabla hata hujajua unanusa nini.

Alafu watu wanaidharau sana pua jamani. Jicho linaona rangi zote kwa aina 3 tu za koni, yaani seli za kuonea rangi, pua ina aina kama 400 za vipokezi na kila harufu inawasha mchanganyiko wake! Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walipewa Nobeli 2004 kwa kugundua vipokezi hivyo vya harufu.

Na mafua yakiisha ila kunusa hakurudi, muone daktari wa pua, usipuuze.